Banda la ushonaji Ngarenaro: si wazembe, wanalipua

Nyota mbili, na zote ni za mama mwenye banda.

Nimefundisha Kiswahili sekondari miaka 19, kwa hiyo nivumilieni kidogo kuhusu neno. Majirani wanasema mafundi wa hapa ni wazembe. Mzembe angekuwa amelala! Siku niliyokwenda vyerehani vinne vilikuwa vinanguruma, hakuna hata aliyeinua kichwa. Hawa wanalipua.

Nilipeleka kitenge yadi 6 na satini ya bitana, nishonewe gauni la sendofu ya mpwa wangu. Ilikuwa Julai, na Arusha ya Julai mnaijua. Kijana akanipima juu ya sweta, akaandika vipimo kiganjani.

"Daftari huna, mwanangu?"

"Usijali mwalimu, kesho jioni unalikuta."

Na kweli nililikuta. Pana, nafasi ya sweta imo. Kitenge changu kina maua makubwa kama sahani. Mgongoni, zipu ilipopita, nusu ya ua iko juu na nusu imeshuka karibu na kiuno. Ndani hakuna ovalok, nyuzi zinaning'inia. Bitana ilipigwa pasi ya moto wa pamba, na satini ya poliesta haihimili moto huo: imeyeyuka ikakakamaa, ncha ya pasi imejichora pale pale.

Wanafunzi wangu husikia polisi wakitaja "uzembe wa dereva" kila ajali, basi hulibandika neno hilo kila mahali. Uzembe ni kuacha linalokupasa. Anayelipua halali, anafanya, tena mbiombio, ilimradi mteja aondoke na mfuko. Pupa nayo ina tamaa ndani yake, ndiyo maana mla kwa pupa hadiriki kula tamu, na pupa ya hapa ni ya mama mwenyewe: wiki ile alikuwa amepokea nguo za sendofu tatu.

Lakini alipoona gauni hakubishana. Alinipa pole, akaligeuza ndani nje, akafumua zipu kwa mkono wake, akapanga maua kwanza kwa pini ndipo akashona. Bitana mpya kanunua yeye. Siku tatu, bila kuniongezea hata shilingi juu ya 40,000 niliyolipa.

Mkienda, mwulizieni yeye. Vueni sweta. Na tarehe ya shughuli, tajeni ya wiki moja kabla.