Uzoefu Wangu wa Kuchagua Michezo ya Zamani ya Kuchezwa na Marafiki kwenye Kompyuta Kuukuu

Kwa miaka mitatu sasa, Jumamosi moja ya kila mwezi, marafiki zangu hukusanyika kwangu ili tucheze michezo ya kompyuta ya miaka ya themanini na tisini kwenye mashine za enzi hiyohiyo, si kwa programu za kuigiza mashine hizo ndani ya kompyuta mpya. Nina kompyuta moja yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya 486 DX2 yenye kasi ya megahezi 66 na kumbukumbu ya megabaiti 8, mbili za Pentium, prosesa iliyoifuata 486, za megahezi 133, moja ya Pentium II ya megahezi 350, pamoja na Amiga 500, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya themanini, na kiwambo chake cha zamani. Huwa tuko watu wanne hadi sita, na wawili kati yetu hawakuwahi kuigusa michezo hii utotoni. Ninayoyaeleza hapa ni yale niliyoyaona kuhusu mchezo upi unastahili kuwekwa mezani na upi haufai, hata kama sifa zake zimevuma.

Jioni ya kwanza nilichagua kwa kufuata umaarufu. Niliunganisha kompyuta zote nne, nikawasha Quake ya mwaka 1996, mchezo wa kupigana risasi, nikiamini kwamba mchezo wenye sifa kubwa namna ile hauwezi kumchosha mtu. Quake hutegemea sana kitengo cha hesabu za desimali kilichomo ndani ya prosesa, na hapo ndipo Pentium inapoiacha 486 mbali. Aliyekaa kwenye 486 aliona picha zikija moja moja kama kurasa za kitabu zinazofunuliwa, ilhali wenzake walikuwa wakikimbia bila kikwazo na kumpiga risasi kabla hajamaliza kugeuka. Baada ya nusu saa aliondoka kitini akaenda kukaa kando, na jioni ikavunjika. Mchezo ule hauna kasoro. Ninaupenda hadi leo. Kosa lilikuwa katika uteuzi wangu, kwani sikujiuliza mashine iliyo dhaifu kuliko zote itabeba nini, wala mtu asiyecheza kwa wakati fulani atasubiri muda gani na atatazama nini anaposubiri. Tangu siku hiyo maswali hayo mawili ndiyo ninayoanza nayo.

Mchezo uliotufaa kuliko yote ni Scorched Earth, ulioandikwa na Wendell Hicken na kutolewa mwaka 1991. Kila mchezaji ana kifaru kilichosimama juu ya vilima, na zamu yake inapofika hupanga pembe ya mzinga na nguvu ya kurusha, akizingatia upepo unavyovuma, kisha hufyatua kombora na kungoja lianguke. Hukubali hadi wachezaji 10 kwenye kompyuta moja na kibodi moja, na baina ya raundi kila mmoja hununua silaha na ngao kwa fedha alizojipatia vitani. 486 yangu huuendesha bila jasho. Lakini sababu kubwa ya kuusifu si wepesi wake, bali ni jinsi unavyowashughulisha wale ambao zamu yao haijafika. Zamu huchukua sekunde chache, na kombora lililo angani linaweza kumwangukia yeyote, hivyo watu wote sita hulifuata kwa macho kana kwamba wao ndio waliolirusha. Wageni wawili niliowataja waliuelewa baada ya zamu mbili, na katika raundi ya nne mmoja wao alishinda. Kwa mtu mpya napendekeza kuanza bila upepo, jambo linalowezekana katika mipangilio, kisha upepo urudishwe mkono wake ukishazoea. Idadi inayonipendeza ni wachezaji watano. Wakifika wanane au tisa, anayeuawa mapema hukaa muda mrefu kabla ya raundi mpya.

Worms ya mwaka 1995 ni ndugu wa mbali wa mchezo huo, wenye timu nne za minyoo wanne wanne, na picha zake zinapendeza zaidi. Hata hivyo mimi huuweka nafasi ya pili, kwa kuwa mchezaji mwangalifu anaweza kutumia zamu nzima kumtembeza mnyoo wake huku na huko, na watu watatu wanaongoja huanza kuzungumza mambo mengine.

Rafiki mmoja huja na Atari 800 yake, na kwa ajili ya mashine hiyo mchezo ni mmoja tu: M.U.L.E. ya mwaka 1983, iliyobuniwa na Danielle Bunten Berry. Wachezaji wanne huhamia sayari moja, kila mmoja hujipatia viwanja, huzalisha chakula, nishati na madini, kisha wote hukutana mnadani. Mnada huo ndio moyo wa mchezo. Wauzaji huwa upande mmoja wa skrini na wanunuzi upande wa pili, wote wakisogezana kwa wakati mmoja kwa jostiki (vijiti vya kuongozea mchezo) zao hadi bei zikutane, na sijaona mchezo mwingine wa enzi zile uliofanya biashara iwe na msisimko kama wa mbio. Jambo ninaloliheshimu zaidi ni jinsi mbuni alivyomkumbuka mchezaji dhaifu: matukio ya bahati njema hayampati anayeongoza, na matukio ya bahati mbaya hayampati aliye nyuma ya wote. Kwa hiyo mgeni hukaa mchezoni hadi mwisho akiwa na tumaini la kweli. Hapa lazima niseme jambo kuhusu mashine yenyewe, kwa sababu uteuzi wa mchezo na uteuzi wa mashine ni kitu kimoja. Atari 800 ina matundu manne ya jostiki, ilhali Atari 800XL iliyofuata ina mawili tu, sawa na Commodore 64. Anayetaka kucheza M.U.L.E. na watu wanne, kila mmoja akiwa na jostiki yake mkononi, asichukue mashine yoyote tu yenye jina la Atari, bali ahesabu matundu kwanza.

Kwa michezo ya mtandao wa kompyuta zilizounganishwa kwa kebo, chaguo langu thabiti ni Doom, iliyotolewa tarehe 10 Desemba 1993. Hutosheka na prosesa ya 386 na megabaiti 4 za kumbukumbu, huchukua wachezaji wanne kwa itifaki ya IPX (kanuni za kompyuta kuwasiliana), na sehemu yake ya kwanza iligawiwa bure kwa njia ya sheawea, yaani kutoa sehemu bure ili mtu akiipenda anunue iliyobaki, kwa hiyo kila mashine inaweza kuwa na nakala halali bila shida. Watu wengi huufikiria kama mchezo wa kuwindana. Sisi tumeufurahia zaidi tunapocheza kwa kushirikiana, wanne dhidi ya mashetani, kwa sababu mahiri huenda mbele na mgeni hufuata nyuma akijifunza ramani, na akiuawa hurudi mwanzoni mwa ngazi akiwa na bastola na kuwakimbilia wenzake. Ugomvi pekee hutokea kuhusu nani amechukua risasi zote za bunduki, na huo ni ugomvi mzuri.

Hata hivyo, mwenye Doom na 486 anapaswa kuelewa namna mtandao wake unavyofanya kazi. Hakuna seva, yaani kompyuta kuu ya kuratibu mchezo; kila kompyuta huendesha mchezo mzima yenyewe, hupeleka kwa wenzake amri za mchezaji wake tu, na haisongi mbele mpaka amri za wote zifike. Matokeo yake ni kwamba mashine iliyo nzito huwavuta wote nyuma. Dawa tuliyoipata ni rahisi: kwenye 486 tunaipunguza picha kwa kitufe cha kutoa, na ikibidi tunashusha ubora wake kwa F5, na papo hapo mbio zinarudi kwenye skrini zote nne. Matoleo pia lazima yalingane katika mashine zote, la sivyo mchezo hukataa kuanza. Usiku mmoja tulipoteza karibu saa nzima kabla sijagundua kwamba Pentium moja ilikuwa na toleo la nyuma, na tangu hapo huwa ninakagua matoleo siku moja kabla ya wageni kufika.

Mwanzoni tuliunganisha mashine hizi kwa kebo nyembamba ya koaksia, ile inayopita kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa viungo vya umbo la T, na kuzibwa ncha zote mbili kwa kifuniko cha ohmu 50. Inapendeza kuiona, na ni ya enzi yake kweli, lakini kiungo kimoja kikilegea mtandao wote hufa. Rafiki alipitisha mguu chini ya meza, na wachezaji wanne wakasimama kwa pamoja katikati ya ngazi. Nilihamia kwenye kebo za jozi zilizosokotwa na habu, kisanduku cha kuunganishia kebo zote, na sijajuta. IPX nayo haihitaji kupangiwa anwani, jambo ambalo kwa DOS, mfumo endeshi uliotangulia Windows, ni neema. Windows 95, 98 na XP bado zinaibeba, lakini kuanzia Windows Vista iliondolewa, hivyo rafiki anayekuja na kompyuta yake ya kisasa asitarajie kujiunga kwa kuchomeka kebo tu.

Michezo ya mikakati ya vita ilinipa mafunzo magumu zaidi. Command & Conquer ya mwaka 1995 ilikuwa na ukarimu ambao ninautamani hadi leo: sanduku lilikuwa na diski mbili za CD, moja kwa kila upande wa vita, na watu wawili waliweza kupambana kwa sanduku moja. StarCraft ya mwaka 1998 nayo iliruhusu mwenye CD kuwawekea wenzake nakala pungufu ambazo hutumika kucheza naye tu. Lakini StarCraft inadai angalau Pentium ya megahezi 90 na megabaiti 16, kwa hiyo 486 hukaa kimya na mtu mmoja hukosa kiti. Jambo zito zaidi ni tofauti ya ustadi. Rafiki yangu aliyeucheza kwa miaka mingi alimfuta mgeni mezani kwa dakika kumi, na mgeni yule akabaki akitazama wengine kwa dakika arobaini. Sasa tunacheza kwa sharti moja, kwamba wanadamu wote wawe upande mmoja dhidi ya kompyuta, na kwa sharti hilo mchezo umekuwa miongoni mwa tunaoutazamia zaidi. Heroes of Might and Magic III, ya mwaka 1999, nimeuondoa kabisa katika jioni za watu wengi. Kwa wawili wanaopokezana kiti kimoja ni mchezo mtamu usio na kifani, lakini kwa watu watano ni kungoja tu.

Amiga 500 haingii kwenye mtandao wetu, nayo haina haja. Huwa pembeni kwa ajili ya wale wawili wanaopumzika kutoka mezani, na Lotus Esprit Turbo Challenge ya mwaka 1990 pamoja na Sensible Soccer ya mwaka 1992 zinatosha. Ya kwanza, ya mbio za magari, hugawa skrini juu na chini na kila dereva huona barabara yake. Ya pili, ya kandanda, huhitaji jostiki yenye kitufe kimoja tu, na mechi huisha kwa dakika chache. Kanuni yetu ni kwamba mechi ikiisha wote wawili huinuka, mshindi na mshindwa, kwa kuwa utaratibu wa mshindi kubaki ulimfanya mtu mmoja akae kwenye Amiga usiku kucha.

Nimalizie na kibodi, kwa sababu ndiyo iliyonishangaza. Mchezo kama Liero wa mwaka 1998, ambamo watu wawili hupigana kwenye skrini iliyogawanywa, ungefaa sana kwa 486 yangu, ila wote wawili hutumia kibodi moja. Kibodi nyingi za zamani zimeunganishwa ndani kwa safu na mistari, na vitufe vitatu au zaidi vinapobonyezwa pamoja baadhi havisikiki. Mara kadhaa mchezaji mmoja alilalamika kwamba bunduki yake haifyatui, na kumbe ni mwenzake aliyekuwa ameshikilia vitufe vya kukimbia. Nilipangia kazi ya kufyatua vitufe vya Ctrl, Shift na Alt, ambavyo kwa kawaida vimeunganishwa kivyake, na malalamiko yakakoma. Kwa michezo inayokubali jostiki, tundu moja la kadi ya sauti hubeba jostiki mbili kwa kebo ya kugawanya, na hiyo ni suluhisho bora zaidi. Pentium II nayo ina kasoro yake: programu kadhaa zilizoandikwa kwa Turbo Pascal, chombo cha kuandikia programu, hugoma kuanza kwenye prosesa zenye kasi kama yake na kutoa kosa namba 200, hivyo mchezo mdogo wa DOS ukigoma pale huwa naupeleka kwenye 486 kabla ya kuulaumu.

Jumamosi ijayo tutakuwa watano. Scorched Earth itafungua jioni kwenye 486 wakati wa kungojana, kisha Doom ya kushirikiana kwa wanne, na wa tano ataanza kwenye Amiga hadi atakayechoka ampishe kiti. Atari 800 imeahidiwa kuja, na jostiki ya nne, ambayo ilikuwa haiendi kushoto, nimeifungua na kuisafisha leo asubuhi.