Ziara ya miguu katikati ya Berlin: mwendo wa saa mbili, euro 15 na dakika nne za Wilhelmstraße

Mwezi wa Oktoba mwaka 2025 nilikwenda Berlin kumtembelea wifi yangu, mke wa kaka yangu, ambaye ni muuguzi huko, na kwa kuwa alikuwa amebakiwa na siku moja tu ya mapumziko kabla ya kuingia zamu ya usiku, tuliamua kuianza siku hiyo kwa ziara ya miguu ya katikati ya jiji, ile inayotangazwa kuwa ya bure. Tangu nirudi Kisumu nimeulizwa na watu watatu au wanne, wengine wakiwa na safari za kazi na wengine wakiwa na watoto wanaosoma kule, kama ziara ya aina hiyo inamfaa mgeni mwenye siku chache. Inamfaa, ila kuna mahali iliponiudhi, napo nitapaeleza. Jiji lenyewe liko wazi kwa kila mwenye miguu, kwa hiyo anachokilipia mtu ni maneno ya kiongozi, na hayo ndiyo nitakayoyapima.

Tuanze na hilo neno bure. Unajiandikisha kwenye intaneti bila kulipa chochote, unafika saa nne asubuhi Pariser Platz, ule uwanja ulio mbele ya Lango la Brandenburg, unamtafuta kiongozi mwenye mwavuli wa rangi uliyoambiwa, na mwishoni unampa bakshishi kwa kadiri ulivyoridhika. Kabla hatujapiga hatua kumi tulipangwa na kupigwa picha ya pamoja, nami nikadhani ni ya ukumbusho. Wifi, ambaye alishawahi kuwapeleka wageni wengine kwenye ziara kama hiyo, alininong'oneza kwamba tunahesabiwa vichwa, kwa sababu makampuni mengi ya ziara za bure humtoza kiongozi ada kwa kila mtu aliyejitokeza. Anayechomoka katikati ya njia bila kutoa senti humwachia mtoto wa watu deni. Sisi tulitoa euro 15 kila mmoja, ambazo kwa shilingi zetu zinazidi 2,000, na niliona wengi wakitoa noti ya 10. Bure hii, basi, ichukuliwe kama karibu chai ya kwetu: hakuna anayekudai kitu mlangoni, lakini nani huja bila pakiti ya sukari?

Kiongozi wetu alikuwa kijana kutoka Ireland, naye alijua kusimulia. Lango la Brandenburg, lililokamilika mwaka 1791, mtu anaweza kulitazama dakika mbili akaridhika, lakini yeye alituelekeza macho juu, kwenye sanamu ya gari la farasi wanne, akatueleza jinsi Napoleon alivyoliteremsha na kulipeleka Paris baada ya kuliteka jiji mwaka 1806, na jinsi lilivyorudishwa mwaka 1814, ndipo uwanja tuliosimama ukapewa jina la Paris ili ushindi huo usisahaulike. Baada ya hapo akatugeuza tuutazame ubalozi wa Ufaransa, ambao uko kwenye uwanja uo huo hadi leo. Watu walicheka, angalau waliokuwa mbele. Tulikuwa 27, hakuna kipaza sauti, na nyuma yetu alikuwako mpiga gita aliyekuwa na kikuza sauti chake mwenyewe, kwa hiyo sisi tuliosimama nyuma tulikuwa tukiupokea mzaha kwa kuona mabega ya wenzetu yakitikisika. Mama aliyenisimulia hadithi ya mke wa kwanza pale Kit Mikayi, kwenye majabali ya karibu na Kisumu, hakuanza mpaka kila mtu alipokuwa amefika na kutafuta jiwe la kukalia. Huyu kijana alikuwa akianza kusema huku theluthi ya kikundi bado inavuka barabara. Nashauri usimame ubavuni mwake tangu mwanzo, wala usione haya.

Mahali alipoonyesha ustadi wake hasa ni pale alipochagua kunyamaza. Kwenye kumbukumbu ya Wayahudi wa Ulaya waliouawa, ambayo ilibuniwa na Peter Eisenman na kufunguliwa mwaka 2005, alitueleza kwa sentensi chache kwamba mbele yetu kuna nguzo za zege 2,711, akatuomba tusizipande wala tusizikalie, kisha akasema tuingie mmoja mmoja na tukutane upande wa pili baada ya dakika kumi. Vijia vilivyo kati ya nguzo vina upana wa sentimita 95, kwa hiyo hata mkitaka kuongozana bega kwa bega hamwezi. Ukiingia, zege inakufika magotini kama benchi, na unaona barabara, miti na magari yote; kadiri unavyosonga ardhi inadidimia na nguzo zinarefuka, mpaka sauti ya jiji inafifia na unabaki na ukanda wa mbingu juu ya kichwa. Wifi alikuwa kwenye kijia cha pili kutoka kwangu. Nilimwona mara moja kwenye makutano, kisha nikabaki nikisikia viatu vyake tu. Hakuna jina lililoandikwa juu ya nguzo hata moja. Tulipotoka, kijana hakutuuliza tumejisikiaje, na kwa hilo namshukuru.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi kwenye uwanja wa kuegesha magari ulio juu ya handaki ambamo Hitler alijiua tarehe 30 Aprili 1945. Kuna ubao wa maelezo na magari ya wakazi, basi. Alitupitisha haraka, nami naona alifanya vyema.

Sasa nifike Wilhelmstraße, mahali ambapo ziara hii ilikuwa na nafasi ya kunipa kitu ambacho nisingekipata kwa macho yangu, ikaitumia kwa dakika nne. Karibu na nyumba namba 92 kuna ubao mwingine wa maelezo, na nyuma yake magorofa ya makazi yaliyojengwa enzi za Ujerumani Mashariki, yenye vibaraza na vyungu vya maua. Hapo ndipo ilipokuwa nyumba ya kansela, Wilhelmstraße 77 kwa hesabu ya zamani, ambamo Bismarck, kansela wa Ujerumani, aliwakutanisha wajumbe wa mataifa 14 kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885 kuzungumza juu ya Afrika, bila Mwafrika hata mmoja mezani. Nyumba hiyo iliharibiwa vitani na baadaye ikabomolewa, kwa hiyo hakuna cha kupiga picha, na wenzetu wengi walikwisha kuanza kutazama simu zao. Kiongozi akasema, kwa sauti ya mtu anayehitimisha, kwamba mipaka yote ya Afrika ilichorwa hapa kwa rula, akainua mwavuli wake tuendelee.

Wifi hakuinuka na mwavuli. Yeye ni Mkuria wa Isebania, mji wetu wa mpakani, ana mashangazi wawili upande wa Sirari, Tanzania, na tangu utotoni amekuwa akivuka mpaka kwa miguu kwenda matangani na arusini. Aliusoma ule ubao wote mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Wifi, kwa hiyo mstari uliompeleka shangazi Tanzania ulianzia hapa, chini ya maua ya mtu?" Nilimjibu kwamba si hapa kwa hakika, na hilo ndilo lililoniudhi, kwa kuwa jibu la kweli lina utamu kuliko lile la rula. Mkutano wa Berlin uliweka taratibu za biashara katika Kongo na Niger na masharti ya taifa kudai sehemu mpya za pwani. Haukuchora mpaka wa Kenya na Tanzania. Mpaka huo ulitokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, yaliyovuta mstari kutoka pwani, yakaukunja uzunguke Kilimanjaro kwa kaskazini, kisha yakaunyoosha hadi pale ambapo nyuzi 1 kusini mwa ikweta inakutana na ukingo wa mashariki wa ziwa letu la Victoria. Mapatano ya mwaka 1890 yakaupitisha ziwani kuelekea magharibi. Tena, siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, yaani tarehe 27 Februari 1885, Mjerumani Carl Peters alipewa barua ya ulinzi ya Kaisari kwa ajili ya nchi alizodai kuzipata kwa mikataba huko Usagara, katika Tanzania ya leo, na majirani zake. Ni Peters huyo huyo aliyefika Mumias mwaka 1890 akiwa njiani kwenda Uganda, akazifungua barua za Mwingereza Frederick Jackson alizozikuta pale.

Nilimweleza kiongozi haya tulipokuwa tukitembea, kwa adabu na kwa ufupi, kwani mtu hasahihishwi mbele ya wateja wake. Alisikiliza, akatoa simu, akauliza tahajia ya Isebania na kuiandika. Sikutarajia kijana wa Ireland aijue Isebania. Ila anayesema neno yote mbele ya watu 27 hana budi kuwa na uhakika nalo, hasa kama mmoja wao ana shangazi upande wa pili.

Sehemu iliyofuata ni ya kawaida, nitaipitia upesi. Kipande cha Ukuta wa Berlin kilichosalia Niederkirchnerstraße kinafaa kuonwa, na zaidi ya hicho nilipenda safu mbili za mawe zilizolazwa barabarani kufuata mahali Ukuta ulipopita, ambazo mtu huzivuka bila kujua mpaka aonyeshwe. Kiongozi alieleza kwa ufasaha kwamba Ukuta uliizunguka Berlin Magharibi yote, kama kilomita 155, na akamwigiza Günter Schabowski, msemaji wa chama tawala cha Ujerumani Mashariki, akipekua karatasi zake mbele ya waandishi wa habari jioni ya tarehe 9 Novemba 1989 na kusema kwamba ruhusa ya kusafiri inaanza mara moja. Checkpoint Charlie, kituo cha zamani cha ukaguzi cha kuvukia Ukuta, ilikuwa hasara ya muda: kibanda kilichopo ni cha kuigiza, na umati umesongamana kama stendi ya Kisumu siku ya mkesha wa Krismasi. Nilipompoteza wifi hapo nikaita "Wifi! Wifi!" kwa sauti, bwana mmoja mpole akaninyooshea kidole mkahawa wenye intaneti.

Jambo moja zaidi la lawama. Kutoka hapo kwenda Gendarmenmarkt tulivuka barabara ambayo mwaka huo huo wa 2025, mwezi wa Agosti, ilikuwa imebadilishwa jina baada ya mabishano ya miaka mingi, kutoka Mohrenstraße, jina ambalo wengi waliliona ni tusi kwa watu weusi, kuwa Anton-Wilhelm-Amo-Straße. Amo alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Ghana, akapelekwa Ulaya akiwa mtoto, na katika karne ya 18 akawa mwalimu wa falsafa katika vyuo vikuu vya Halle na Jena. Tulivuka bila neno. Kiongozi alikuwa akitusimulia kuhusu yule mtu mdogo wa kofia aliye kwenye taa za kuvukia barabara, aliyebuniwa Ujerumani Mashariki mwaka 1961, na sikatai kwamba anapendeza. Tena watu wazima wanamtii hata kama hakuna gari, jambo ambalo bodaboda wetu wa Kondele wangelitazama kama mchezo wa kuigiza.

Ziara iliishia Bebelplatz, ambako tarehe 10 Mei 1933 wanafunzi waliounga mkono Wanazi walichoma vitabu. Katikati ya uwanja kuna kioo kilicholala sawasawa na mawe ya sakafu, kazi ya Micha Ullman ya mwaka 1995, na chini yake chumba cheupe chenye rafu tupu zinazoweza kubeba vitabu 20,000. Kilikuwa na ukungu wa baridi. Wifi alipiga magoti, akakifuta kwa mkono wa koti, na kwa muda mfupi tukaziona rafu mpaka kona ya mwisho, kisha pumzi zetu zikakifunika tena. Hapo kijana alisimama kando akasubiri kila mtu apate zamu ya kuchungulia ndipo akaongea, na ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo sisi wa nyuma kumsikia barabara.

Kwa jumla naipa ziara hii nyota tatu na nusu kati ya tano. Vaa viatu vilivyozoea mguu, beba sarafu kwa ajili ya choo, na kama ni Oktoba usidharau koti. Anayetaka historia ya ukoloni kwa kina aulizie ziara za kulipia zinazoshughulikia jambo hilo pekee, baadhi zikiwa mtaa wa Wedding, katika eneo ambalo barabara zake zilipewa majina ya Afrika.

Sisi tulikwenda huko alasiri ile ile kwa treni ya U6, bila kiongozi. Tulipita Sansibarstraße, tukaiona Ugandastraße, ambayo ingetuhusu sana sisi wa Kisumu kabla ya mwaka 1902, maana hadi hapo tulihesabiwa ndani ya Uganda. Halafu tukafika barabara iliyokuwa ikiitwa Petersallee, jina lililowekwa mwaka 1939 kwa heshima ya Carl Peters, na ambayo tangu Agosti 2024 sehemu yake moja inaitwa Maji-Maji-Allee. Mzee mmoja aliyekuwa na mbwa alituona tukipiga picha kibao hicho, akamuuliza wifi kwa Kijerumani kama anajua maana ya maneno hayo. Wifi akamwambia maana yake ni maji, maji, kisha wakasimama pale chini ya mti, yeye akieleza na mzee akiuliza, kwa muda wa kama robo saa, mpaka mbwa akachoka akalala juu ya viatu vyangu.