Daftari la kurasa 48 kama hazina ya mada za insha

Kwa Gredi ya 4, daftari la kawaida lenye mistari, linalouzwa katika duka lolote la vitabu Kisumu, linazishinda kadi za picha. Kadi humpa mtoto mada ya mtu mwingine. Daftari humkusanyia zake.

Tenga ukurasa wa watu, wa mahali, na wa mambo aliyoyafanya kwa mara ya kwanza. Mwalimu aorodheshe yake ubaoni kwanza, kisha watoto waandike kwa dakika tano, kimya. Wakisemezana mapema, nusu ya darasa huiga mada ya jirani.

Tatizo kubwa ni upana. Anayeandika "Ziwa" hukwama baada ya sentensi tatu, kwani hana tukio la kushika. Muulize: siku gani? Nani alikuwepo? Ulisikia nini? Mada huwa "Siku wavu wa baba ulipokatika Dunga" (ufuo wa ziwa hapo Kisumu), na hapo kalamu hukimbia.

Jalada huchanika upesi, kwa hivyo livalishe. Na tafadhali, kalamu nyekundu isiguse orodha hizi: mtoto akisahihishwa tahajia hapa, ataorodhesha tu maneno anayojua kuyaendeleza.