Saa ya kekeo ya kuvuta kila siku: uzoefu wangu wa kuitundika na kuitunza

Hii ni saa ya kekeo, yaani saa ya ukutani yenye ndege wa mbao anayetoka mlangoni kuita saa, kutoka eneo la Schwarzwald, Ujerumani: kasha lililochongwa kwa mbao ya mti wa linden, mashine ya aina ya Regula 25, minyororo miwili, vyuma viwili vya gramu 275 vyenye umbo la tunda la msonobari ambavyo uzito wake ndio unaoendesha mashine, na pendulamu (kijiti kinachobembea) yenye jani la mbao. Minyororo inavutwa kila siku ili vyuma vipande juu tena. Kama huna ratiba ya kuigusa kila siku, ongeza pesa uchukue ya kuvutwa kila baada ya siku nane, ambayo vyuma vyake hufika kilo moja na kuzidi. Ya betri siihesabu kabisa. Sauti ya ndege wake hutoka kwenye spika tu.

Mashine ni imara, lakini haivumilii kutundikwa ovyo. Ikisimama baada ya dakika chache, usikimbilie kwa fundi, kwani mara nyingi haina ubovu, imekaa upande tu.

Kabla ya kuitundika, fungua kifuniko cha nyuma utoe karatasi zilizobana mivukuto (vifuko viwili vya karatasi vinavyopuliza filimbi za sauti ya ndege) na kibanio cha ule waya wa kengele uliozungushwa. Waya unaofunga minyororo chini uache kwanza. Ukiutoa saa ikiwa imelala, mnyororo unaruka kwenye gurudumu lake, na kuurudisha ni kuuvua kwa kindoano kupitia nyuma. Itundike mita 1.8 hadi 2 kutoka sakafuni, kwenye skrubu iliyoelekea juu kidogo na kutokeza sentimita 3 hivi. Hapo ndipo utoe waya, uning'inize vyuma na pendulamu, kisha ugeuze kile kiwaya kinachofunga mlango wa ndege.

Sasa sikiliza. Pimamaji haisaidii hapa, maana kinachotakiwa sawa ni mlio. Tik na tak zikiachana kwa muda usio sawa, kama mtu anayechechemea, sogeza sehemu ya chini ya kasha kushoto au kulia, kidogo kidogo, mpaka zilingane. Ukishapata, weka alama ya penseli ukutani, maana kila ukivuta minyororo kasha husogea. Hakikisha pia mgongo umelala vizuri ukutani. Ukiegemea mbele, pendulamu inakwaruza kasha. Na feni! Pendulamu hii ni nyepesi, upepo wa feni au kiyoyozi unaweza kuisimamisha.

Ikikimbia, shusha jani milimita moja au mbili, ikichelewa, lipandishe. Subiri saa 24 kabla ya kugusa tena.

Kurekebisha majira, zungusha mshale mrefu tu, kwa kwenda mbele, na usimame kwenye 12 na kwenye 6 ndege amalize. Akiita hesabu isiyolingana na mshale mfupi, simamisha mshale mrefu kwenye 12, hesabu miito, kisha sukuma mshale mfupi hadi namba hiyo. Umeshikiliwa kwa kubana tu. Saa za zamani zenye gurudumu la kuhesabia miito hazitaki hivyo: kule unainua kiwaya cha mlio mpaka hesabu ifike. (Saa moja asubuhi kekeo huita mara saba. Yeye anafuata namba za uso wa saa.)

Mnyororo wa kulia ni wa saa, wa kushoto ni wa ndege. Vuta ncha isiyo na uzito, taratibu, na usiinue chuma kwa mkono mwingine kurahisisha kazi. Mnyororo ukilegea ndani ndipo unapotoka.

Ndege akitoa "ku" moja badala ya mbili, upande mmoja una tatizo: ama kiwaya kinachoinua mvukuto kimechomoka, ama karatasi ya mvukuto imechanika kwenye mikunjo. Kiraka cha gundi hakidumu, kwani hukausha mkunjo ukachanika pembeni yake. Badilisha filimbi na mvukuto wake, ukipima urefu wa filimbi kwanza, maana hizo mbili hazilingani. Kufunga mlango wa ndege bila kuzima mlio kwa swichi ya pembeni ni kosa lingine: ndege anasukuma mlango uliofungwa, waya zinapinda.

Mafuta ni ya saa, ya sintetiki, tone dogo la ncha ya pini kwenye kila tundu la bamba ambamo ncha za mhimili huzunguka, kila miaka mitatu hivi. Si mafuta ya cherehani, si ya kupuliza. Meno ya magurudumu na minyororo viache vikavu. Mafuta hapo hushika vumbi tu. Matundu yakiwa na uchafu mweusi, usiongeze tone: huo ni mchanganyiko wa mafuta na chembe za chuma, unasaga. Mashine ioshwe kwanza. Kasha linataka brashi laini ya rangi, kavu.

Ukinunua iliyotumika, pima vyuma kwenye mizani ya jikoni. Kuna wauzaji wanaofunga vizito zaidi ili mashine chovu itembee mbele ya mteja. Mashine ya gramu 275 isiyotembea kwa gramu 275 ni chafu au matundu yake yamelika, na kila gramu ya ziada inayatanua zaidi.