Nyota tatu kwa kamusi ya simu, na sababu ni neno "few"

Mwaka mzima sasa naitumia programu hii ya kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, karibu kila siku, maana kutafsiri ndiyo kazi inayonilisha. Inafunguka haraka, haihitaji intaneti, matamshi yanasikika vizuri. Ningeipa nyota nne kama si neno la herufi tatu: few.

"Few: -chache." Basi, imemaliza. Nami nikaiamini. Siku moja natafsiri kumbukumbu za mkutano, nikakuta "quite a few members objected", nikaandika "wanachama wachache walipinga". Mwenyekiti akasoma akafurahi, kumbe waliopinga walikuwa tele. Quite a few ni wengi. Sisi tungesema "si haba". Fedheha ile niliibeba peke yangu, kamusi haiitwi kikaoni.

Hata hiyo a ndogo inayotangulia ina uzito wake. "Few came" ni malalamiko: waliokuja ni wachache mno, viti vitupu. "A few came" ina faraja ndani yake: wapo kadhaa waliofika. Huenda ni watu watano huku na watano kule. Kilichobadilika ni uso wa msemaji. Tanguliza only, ukasema "only a few", umerudi kwenye uhaba. Halafu "every few days" ni kila baada ya siku kadhaa tu, hapalalamikiwi kitu. Na kuna "the Few", marubani wa kivita wa Uingereza waliosifiwa na Winston Churchill mwaka 1940. Hapo uchache umegeuka cheo. Katika yote hayo, kamusi haina hata moja.

Kinachonikera zaidi ni kwamba nafasi ilikuwepo. Wamejaza skrini nzima wakieleza kuwa few ni ya vitu vinavyohesabika na little ni ya visivyohesabika. Hilo nani asiyelijua? Vitabu vichache, maji kidogo: mtoto wa Kiswahili hafundishwi.

Niliwaandikia watengenezaji mara mbili, na mifano nikawapa. Juzi toleo jipya likatoka, nikakimbilia few kabla ya kitu kingine chochote. Wamebadilisha rangi ya maandishi.