Cherehani ya mkono ya laki na kumi: mwaka mmoja chumbani Tunguu

Bumu la muhula, ile pesa ya mkopo ya sisi wanafunzi wa chuo, lilipoingia mwaka jana nilitoa 110,000 mwanzo kabisa, kabla ya deni la urojo na kabla ya fotokopi, nikapanda gari ya mjini. Ng'ambo kulikuwa na fundi mzee anayeacha kazi kwa sababu ya macho, na shoga yangu mmoja alishanidokeza kwamba anauza vyombo vyake. Jioni nilirudi Tunguu na cherehani ya mkono mapajani, imefungwa kwa khanga kuukuu, konda akaniuliza mtoto ana miezi mingapi. Leo ina mwaka na miezi miwili chumbani kwetu, na nimeshona nayo vya kutosha kuyasema mazuri yake na mabaya yake.

Ni ya chuma, nyeusi, imekaa juu ya kibao chenye kijisanduku cha kuwekea bobini, vile vigurudumu vya uzi wa chini. Jina la kampuni liliandikwa kwa rangi ya dhahabu, lakini mikono ya miaka mingi imelifuta, kwa hivyo nitaiita cherehani ya mkono tu.

Kilichonisukuma ni gauni la Idi. Kitambaa 18,000, ujira 25,000, na lazima upeleke mapema maana mwezi wa Ramadhani ukifika kati mafundi hawapokei tena. Mwaka juzi fundi mmoja alinikabidhi langu Idi pili, magharibi imeshaingia, na mkono mmoja mrefu kuliko mwenziwe. Nililia. Nikasema mwakani nitavaa nilichokishona mwenyewe hata kama kitakuwa skati ya mpira kiunoni.

Anayeanza kushona huogopa kasi. Cherehani ya umeme ukigusa kanyagio tu kitambaa kishakwenda, na mshono uliokwenda upande utaufumua usiku kucha. Hii yangu, mpini ukizunguka mara moja sindano inashuka mara tatu; nimehesabu. Penye mviringo wa shingo nazungusha robo, naiacha sindano imezama ndani ya kitambaa, nainua mguu wa kubania, nakigeuza kitambaa kidogo tu, naushusha mguu, nazungusha robo nyingine. Shingo ya kwanza ilinichukua saa nzima na ililala vizuri, haikufura wala haikuvuta. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimenunua kitu sahihi. Ubaya ni kuwa mkono wa kulia ni wa mpini, kitambaa kinaongozwa na wa kushoto peke yake. Satini na vitambaa vinavyoteleza lazima uvipige bandi, yaani mishono mirefu ya kushikilia tu, kwa mkono kwanza, la sivyo vitakukimbia.

Na haitaki umeme. Mimi nilikuwa na miaka mitano, lakini Mama, aliyekuwa akiishi Kwahani wakati huo, husimulia giza la Disemba 2009, ulipokatika umeme unaokuja Unguja kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari, na kisiwa kikakaa hivyo kiasi cha miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Anasema mtaani kwao nguo zilishonwa na wenye cherehani za mkono na za miguu, taa ya chemli pembeni. Sasa hali si hiyo, lakini umeme ukikatika usiku mmoja tu kabla ya harusi ya mwenzio, utafurahi una mpini.

Wiki ya tatu mpini ulikuwa mzito, kama nasaga mtama. Nilipofungua kifuniko cha pembeni nikakuta utando wa njano unaonata kama halua. Mtu fulani kabla yangu aliipaka mafuta ya kupikia, nayo yakikaa kwenye chuma hugeuka gundi. Nilichovya mswaki wa zamani kwenye mafuta ya taa, nikasugua kila pahala panapocheza, nikapangusa, nikaiacha ilale. Asubuhi nikatia mafuta ya cherehani, tone moja kila kitundu. Kichupa ni 2,000 na bado sijakimaliza. Tangu siku hiyo mpini unazungushwa kwa kidole.

Nilianza na khanga, na mwenye pesa kidogo namshauri aanze na khanga. Doti niliinunua Mchangani kwa 12,000, vipande viwili havijatenganishwa. Pindo zimezunguka pande zote nne na mji uko katikati, kwa hivyo mistari iliyonyooka umeshachorewa, huhitaji chaki wala rula. Iloweke kwanza wanga utoke, ianike, ipige pasi, ndipo utie mkasi, maana pamba hurudi ikifuliwa.

Kosa langu lilikuwa kwenye jina. Khanga yangu iliandikwa JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, na mimi, kwa kufuata nilivyozoea kuona skati zina kipande cha mbele na cha nyuma, niliikata katikati moja kwa moja. Mshono wa ubavuni ukaimeza I ya SIPATI na T ya TAMAA. Nilimpigia picha Bibi yangu aliyeko Pemba. Akanipigia simu hapo hapo: "Mjukuu wangu, khanga ni jina. Ungelikata pahala pengine popote." Alisema kwa upole na mimi nikaona haya kweli, kwa sababu nimekulia katika nyumba ambayo khanga huchaguliwa kwa jina kabla ya rangi. Kile kipande cha pili cha doti sikukikata. Nilikikunja kizima kikawa kama bomba lenye mshono mmoja tu, mshono nikauweka mbele na kuufunika kwa rinda, jina likabaki zima nyuma chini, pale pale linaposomeka mtu akijifunga khanga. Pindo la juu nikalikunja kupitisha mpira. Skati hiyo haikufika 9,000 na uzi na mpira ndani yake, na nimeulizwa nimeinunua wapi mara nyingi kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa.

Cherehani hii inashona mstari mmoja tu, haina zigizaga ya kuzuia nyuzi zisichomoke. Dawa yake nilifundishwa na yule yule mzee: weka kitambaa ndani kwa ndani, shona karibu na ukingo, punguza nyuzi kwa mkasi, kigeuze, shona tena ili ukingo ubaki umefungwa ndani. Inakula muda na uzi mara mbili. Ukiigeuza nguo hutaona uzi hata mmoja unaoning'inia.

Ile skati iliyoharibika jina sikuitupa, nimeitumia kutilia bitana mikoba ya ukili. Bibi husuka ukili na kuuzungusha mwenyewe kwa shazia, sindano kubwa ya kushonea ukili, kwa sababu ukili hauingii chini ya sindano hii hata ukiulazimisha. Mimi nashona bitana, kijimfuko cha simu na tai za kufungia, halafu naipachika kwa mkono. Vipande vilivyobaki ni vibanio vya nywele: utepe wa upana wa viganja viwili, mpira ndani, dakika ishirini.

Jinzi hapana. Nilivunja sindano tatu kwenye suruali moja ya mtumba, zote pale ubavuni zinapokutana tabaka nne. Nilipotia sindano namba 16 na kuzungusha polepole ilipita, lakini sitarudia. Fulana pia hapana, inaruka mishono. Na ina kelele: saa nne ya usiku inasikika chumba cha pili, mpaka nilipoiwekea busati lililokunjwa chini ya kibao ndipo wenzangu wakapata kulala.

Ukienda kununua ya namna hii, chukua kipande cha khanga na nyuzi za rangi mbili, mmoja juu, mwengine kwenye bobini, na uombe kushona mbele ya muuzaji. Vitanzi vya uzi wa juu vikijitokeza chini ya kitambaa, kaza kidogo ile skrubu ya uzi wa juu. Vikiisha, sawa. Visipoisha, punguza bei au ondoka. Ichomoe bobini uende nayo duka la vifaa uone kama zinapatikana. Zangu ni za kawaida, 500 moja. Na uliza miguu yake yote iko wapi. Mimi sikuuliza, na mwembamba wa kushonea zipu haukuwemo kisandukuni. Ndio ninaoutafuta sasa, maana skati ya Idi inayokuja nataka iwe na zipu ya ubavuni.