Friji ya gari ya volti 12, Mombasa hadi Nairobi na watoto: inachoweza na isichoweza

Hii yangu ni ya lita 24, wati 48, plagi yake ni ya tundu la kiberiti cha gari peke yake. Nililipa shilingi 11,500. Nimeitumia safari tano za Nairobi, kama kilomita 480 kwenda tu, watoto wawili wakiwa kiti cha nyuma. Muuzaji alisema inagandisha maji. Haigandishi, wala haikuundwa kugandisha, na anayeinunua kwa tamaa hiyo atairudisha dukani wiki ya kwanza.

Ndani yake hamna gesi wala kompresa. Mna kibamba cha sentimita 4 kwa 4 hivi. Umeme ukipita, uso mmoja hupata baridi na wa pili hupata moto. Feni ya ndani hueneza ubaridi, feni ya nje hufukuza joto. Kwa sababu hiyo friji hii haina nyuzi zake yenyewe. Hushusha nyuzi 18 hivi chini ya joto lililoko garini, basi. AC ikifanya kazi na gari likiwa nyuzi 25, ndani utapata 7 au 8. Zima AC pale Maungu mchana wa Februari, gari lifike 36, na friji itakuwa 18. Kwa soda si neno. Kwa maziwa na nyama ni hatari, maana chakula kinachoharibika upesi hakifai kukaa nje ya baridi zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32 ni saa moja tu.

Tena ni ya polepole. Nilitia chupa sita za maji ya nusu lita zikiwa nyuzi 29, nikaweka kipimajoto. Zilifika 15 baada ya saa nne na ushei. Mtoto aliyeomba maji baridi Mariakani hawezi kungojea hadi Mtito Andei.

Kwa hivyo kazi ya kupoza hufanyika nyumbani, usiku wa kuamkia safari. Friji ya gari huulinda ubaridi uliokwisha kuupata. Ukilishika hilo, inakuwa kifaa kizuri kweli. Mimi hufanya hivi. Chupa nne za nusu lita najaza maji hadi mabegani, si hadi mdomoni, kwa kuwa barafu hufutuka na chupa iliyojaa pomoni hupasuka. Nazitia friza tangu asubuhi ya siku iliyotangulia. Vyakula vyote vinalala ndani ya friji ya nyumbani. Hakuna kinachopakiwa kikiwa bado vuguvugu, hata kidogo. Friji ya gari yenyewe naitia chupa moja ya ziada iliyoganda na kuifunga usiku kucha, ili kuta zake zisianze safari na joto la Mombasa. Alfajiri naitoa hiyo, naweka chupa mbili chini na mbili ubavuni, vyakula katikati, na leso iliyokunjwa juu kuziba nafasi tupu. Tundu la feni ya ndani lisizibwe, ama ubaridi utabaki kona moja.

Kwa mpango huo, tukiondoka saa kumi alfajiri na AC ikifanya kazi, kipimajoto kilisoma 4 Mariakani, 5 Voi, 7 Mtito Andei na 9 Emali. Kebabu, katlesi na mtindi huliwa kabla ya Mtito. Baada ya hapo yanabaki matunda, matango, na maji ya zile chupa zilizokwisha kuyeyuka, ambayo ndiyo matamu kuliko yote njia nzima.

Kilichobadilisha safari zaidi ya friji yenyewe ni kuvitoa vinywaji humo. Watoto hula mara nne, lakini hunywa kila dakika kumi, na kila kifuniko kikifunguliwa hewa ya moto huingia. Vinywaji vya mkononi vina mfuko wao wa kawaida wenye chupa moja ya barafu. Friji inafunguliwa wakati wa kula tu. Ndani yake kila mtoto ana kopo lake lenye kifuniko, la rangi yake, na kila kopo lina kiasi sawa: embe lililokatwa, yai la kuchemsha, katlesi mbili. Ugomvi wa nani kapewa kingi unakwisha kabla haujaanza. Na kipande kile cha Voi hadi Mtito Andei, Tsavo kulia na kushoto, si mahali pa kusimamisha gari kutafuta biskuti.

Mahamri usiyatie humo. Hewa yenye unyevu hugeuka matone kwenye kuta na chini hukusanyika maji kama vijiko viwili au vitatu. Mahamri huyanyonya yakawa kama sifongo. Yafunge kwa karatasi, yakae kikapuni.

Kasoro kubwa ya friji hii ni swichi. Iko ubavuni, ina pande tatu: baridi, zima, moto. Ndiyo, hupasha pia, hadi nyuzi 60 hivi, kwa kuugeuza umeme tu. Swichi haina kizuizi chochote. Goti la mtoto likiigusa, taa ya kijani huwa nyekundu, na kwa saa nzima unapika mtindi bila habari. Limenipata hilo mara moja. Tangu siku hiyo nabandika mkanda wa gundi juu ya swichi kabla ya kuwasha gari, na taa naielekeza mahali ninapoiona kwa kioo cha ndani. Ukiikuta imegeuka, izime kwanza, ngoja nusu saa, ndipo uirudishe kwenye baridi. Kugeuza ghafla kunakiua kile kibamba.

Sasa umeme. Wati 48 kwa volti 12 ni ampea 4. Injini ikiwa inanguruma, alteneta inayozalisha umeme wa gari haihisi kitu. Injini ikizimwa, inategemea gari: magari mengi hukata umeme wa tundu ukitoa ufunguo, mengine hayakati. Jaribu lako kabla ya safari. Betri ya ampea-saa 45 ukiiachia friji usiku wa saa nane, umeinyang'anya 32, na asubuhi gari haliwaki. Tukisimama kuswali Mackinnon Road au kula Makindu kwenye hekalu la Masingasinga, naichomoa. Barafu inatosha kushikilia saa moja.

Plagi ikiwa ya moto kuishika, imelegea: tundu limejaa vumbi au masikio ya plagi yamebanwa. Yatanue kidogo. Usigawanye tundu hilo na pampu ya matairi, ambayo peke yake huvuta ampea 10 na zaidi. Fyuzi ya tundu kwa kawaida ni ya 15. Beba fyuzi mbili za akiba za namba ile ile, wala usitie kubwa zaidi ati isikatike tena. Kitakachoungua baadaye ni waya.

Ikae kiti cha nyuma katikati ya watoto, mkanda ukiwa umeipitia juu na kukazwa. Ikijaa ni kilo 14, na ikiwa haijafungwa, breki ya ghafla nyuma ya lori huirusha. Tundu la feni ya nje liachiwe sentimita 10. Ukilifunika kwa blanketi, friji hupoteza baridi yote. Kwenye buti haifai, AC haifiki huko.

Je, nunua? Kwa Nairobi peke yake, kulaboksi ya kawaida yenye kuta nene na kilo 3 za barafu inakaribia kufanya kazi ile ile kwa bei ndogo, bila waya wala swichi. Mwenye maziwa ya mama yaliyokamuliwa, kulaboksi hiyo yamtosha: barafu ikiwa bado imeganda, yanakaa saa 24. Friji hii inastahili kwa wanaoendelea hadi Kisumu au Malaba, ambapo barafu ya nyumbani imeisha na siku ya pili inaanza. Ukitaka ubaridi wa kweli wa nyuzi sifuri na chini, ni ya kompresa tu, na hiyo bei yake ni mara kadhaa.

Ukifika, ipanguse kwa maji na siki kidogo, ikauke, kisha weka kijiko kati ya kifuniko na ukingo kisifunge. Kwa unyevu wa kwetu, ikifungwa mbichi siku mbili tu, mpira wa ukingo unaota ukungu mweusi, na harufu yake haitoki.